Umetoka majini hoi? Mazoezi hayajaisha bado

Nilikuwa nimeogelea karibu mita 4,000 asubuhi ile. Kocha alitupigisha duru za kasi mpaka mwisho, zile za kupumzika sekunde chache kisha unaingia tena. Nilipotoka kwenye kidimbwi, mikono ilikuwa mizito kama nimebeba magunia ya mchele sokoni Kongowea. Lakini ilikuwa Jumamosi, mwezi wa Machi, jua kali, na wenzangu walikuwa washapanga: tunashuka Mji wa Kale, kwenye ngazi za Leven, tukapige mbizi kidogo. Nani angekataa?

Maji yalikuwa yanapwa. Mtu yeyote aliyekulia Kibokoni au Mzizima anajua maana yake. Maji ya mkono wa bahari wa Tudor yanatoka kwa kupitia mbele ya Bandari ya Kale, yanaipita Ngome ya Yesu, yanaelekea bahari kuu. Niliruka, nikaenda mbele kama kawaida yangu. Nilipogeuka kurudi, ngazi zilikuwa zinasogea mbali. Nikapiga mikono kumi, ishirini. Wapi! Kisha mikono ikagoma kabisa. Si kwamba iliuma. Ilizima tu, kama simu iliyoishiwa chaji.

Mzee mmoja mvuvi ndiye aliyenifikia na mtumbwi wake. Nilishika ubavu wa mtumbwi, nikavutwa hadi ukingoni. Hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: tangu asubuhi umekula nini?

Chai ya rangi na hamri moja, saa kumi na moja alfajiri. Na ilikuwa yapata saa tano.

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo ambalo nilikuwa nalidharau. Sisi vijana wa kisiwani tunajivunia mazoezi magumu. Tunahesabu mita, tunahesabu sekunde. Lakini yale masaa baada ya mazoezi hakuna anayeyahesabu, na humo ndimo mwili unapojijenga. Humo pia ndimo mtu anapoweza kupotea.

Kwa nini kuogelea kunachosha hivi?

Ukikimbia Mama Ngina, ukichoka unasimama, unaegemea mti, unapumua. Majini huna ruhusa hiyo. Unapumua kwa zamu, kichwa kikitoka, na mikono, miguu, mgongo na tumbo vyote vinafanya kazi kwa pamoja. Misuli inatumia akiba ya sukari iliyohifadhiwa ndani yake na kwenye ini. Akiba hiyo ikipungua, nguvu zinaisha hata kama moyo unataka. Kuijaza tena si jambo la dakika tano. Baada ya zoezi zito huweza kuchukua hadi saa 24, tena ukiwa unakula vizuri.

Halafu kuna joto. Vidimbwi vya mashindano huwekwa kati ya nyuzi 25 na 28. Bahari yetu, Machi na Aprili, hufika 29 au 30. Ukiogelea kwa kasi katika maji hayo unatoka jasho, ila hulioni kwa sababu umelowa tayari. Wengi wetu hutoka majini tumeishiwa maji mwilini na hatujui.

Hili si la mzaha. Oktoba 2010, mwogeleaji wa Marekani, Fran Crippen, aliyekuwa na umri wa miaka 26, alifariki akiwa ndani ya shindano la kilomita 10 huko Fujairah, Umoja wa Falme za Kiarabu. Siku hiyo bahari ilikuwa ya moto. Alikuwa mtu wa kiwango cha dunia, si mwanafunzi wa kujifunza. Baada ya kifo chake sheria zilitazamwa upya, na leo mashindano ya baharini hayaruhusiwi maji yakizidi nyuzi 31. Bahari yetu ya Machi haiko mbali na mpaka huo.

Usitoke majini ghafla

Kosa la kwanza: kumaliza duru ya mwisho kwa kasi, kuruka nje, kukaa kwenye sakafu na kushika simu. Damu ilikuwa inakimbia kwenye misuli, sasa umeisimamisha ghafla. Wengine hupata kizunguzungu hapo hapo.

Ogelea taratibu mita 200 hadi 400, mtindo wowote unaokuburudisha, kama dakika 10 hivi. Mwendo mwepesi husafisha mabaki ya zoezi kwenye misuli haraka kuliko kukaa tu.

Mnamkumbuka Jason Dunford? Huyo huyo ambaye baadaye aliingia kwenye muziki kwa jina la Samaki Mkuu. Beijing 2008, kwenye mita 100 mtindo wa kipepeo, aliweka rekodi ya Olimpiki ya sekunde 51.14 katika mchujo. Rekodi yenyewe ilivunjwa muda mfupi baadaye, lakini Mkenya huyo aliingia fainali na kumaliza wa 5. Fikiria: mchujo, nusu fainali, fainali, siku zinafuatana. Kwenye ratiba ya namna hiyo, anayejua kupoza mwili na kupumzika baada ya kila mbio ndiye anayekuwa na kitu cha kubakisha kwa ajili ya mbio inayofuata.

Kunywa kabla kiu haijakuita

Njia rahisi isiyohitaji mtaalamu: jipime uzito kabla ya mazoezi na baada yake. Kila kilo moja iliyopungua ni maji yaliyotoka. Irudishe kwa lita moja na robo hadi lita moja na nusu, kidogo kidogo, katika saa chache zinazofuata. Usiyanywe yote kwa mkupuo. Huna mizani? Angalia mkojo. Ukiwa wa manjano hafifu, uko sawa. Ukiwa wa rangi iliyokoza, bado una deni.

Madafu je? Mazuri sana, yana maji, sukari kiasi na potasiamu nyingi. Ila hayana chumvi ya kutosha, na chumvi ndiyo iliyotoka na jasho. Ndiyo maana dafu pamoja na sahani ya mihogo ya pale Lighthouse, ile ya chumvi, pilipili na ndimu, si anasa tu ya jioni. Mwili unakuomba.

Vinywaji vya kuongeza nguvu vya kwenye makopo viache dukani. Kafeini iliyomo itakufanya uhisi hujachoka, na hapo ndipo hatari ilipo. Uchovu upo, umefunikwa tu.

Saa ya kwanza ni ya chakula

Katika saa moja ya kwanza misuli hupokea chakula kwa hamu. Lenga gramu moja ya wanga kwa kila kilo ya uzito wako, na kama gramu 20 za protini. Ukiwa na kilo 60, ndizi mbili kubwa zinakukaribisha kwenye hesabu ya wanga. Mayai mawili na glasi ya maziwa vinakufikisha kwenye protini.

Na usidhani lazima ununue unga wa bei ghali wa kwenye mikebe. Mahamri na mbaazi za nazi ni wanga na protini katika sahani moja. Mkate wa mofa na maharagwe, vivyo hivyo. Wali na samaki wa kupaka ndio usiseme. Bibi zetu hawakuhesabu gramu, lakini walijua mtu aliyetoka baharini anahitaji nini.

Kosa langu la Machi lilikuwa hapo. Niliingia kidimbwini na hamri moja, nikatoka bila kula kitu, nikaingia baharini. Tangi lilikuwa tupu kabla sijagusa maji.

Baraza itakusubiri

Tuseme ukweli: usiku wa Mji wa Kale ni mtamu. Kahawa chungu, kashata, soga mpaka saa sita. Lakini kafeini haitoki mwilini upesi. Baada ya saa tano hivi, karibu nusu yake bado imo. Kikombe cha saa nne usiku kinakaa na wewe kitandani, na kesho alfajiri kocha anakusubiri.

Mwenye umri wa miaka 14 hadi 17 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Aliyefika 18 asipungue 7, na akiwa na mazoezi mazito aongeze. Usiku ukiwa mfupi, jilaze dakika 20 au 30 baada ya adhuhuri. Hakuna aibu. Mji mzima huwa umefunga maduka saa hizo.

Na Ramadhani ikifika, usijaribu kushindana na ratiba yako ya kawaida. Ukifunga, weka mazoezi mepesi muda mfupi kabla ya magharibi, ili maji na tende viko karibu, au yasogeze baada ya futari kushuka. Duru za kasi saa tisa mchana, bila tone la maji tangu daku, mwili hauzihitaji.

Uchovu wa kawaida, na ule mwingine

Maumivu ya misuli baada ya zoezi gumu huzidi siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua. Hayo ni ya kawaida. Lakini sikiliza haya:

Mapigo ya moyo wako ya asubuhi, kabla hujatoka kitandani, yamepanda siku kadhaa mfululizo. Muda wako unazidi kuwa mbaya ingawa unajitahidi zaidi. Huna hamu ya kula, una hasira na kila mtu, usingizi hauji. Hapo mwili unaomba siku kadhaa za mapumziko. Mpe kocha taarifa. Kocha mzuri hatakuita mvivu.

Dada zetu, uchovu usioisha unaweza kuwa upungufu wa damu, hasa kama hedhi ni nzito. Kipimo ni rahisi. Mchicha, maini, maharagwe na dagaa visikose sahanini.

Uchovu ukija na homa, usiseme ni mazoezi. Hapa ni Pwani, kapime malaria.

Na ukiona mkojo wenye rangi kama chai ya rangi au kola baada ya mazoezi makali, ukiumwa kifua au ukizimia, usisubiri kesho. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jifunze kusoma maji, ukiwa na nguvu

Kanuni yangu sasa ni moja: siku ya zoezi gumu, baharini siingii. Siku nyingine natazama mwezi kwanza. Mwezi ukiwa mpevu au mwandamo ni bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu na mkondo ni mkali. Wakati wa maji mafu unatulia kiasi. Wazee wetu waliyasoma haya bila programu ya simu. Siogelei peke yangu, na maji yakianza kupwa, nakaa ngazini na wengine.

Kuna methali tunapenda kutupiana mtu akitaka kuacha mazoezi: maji ukiyavulia nguo, yaoge. Ni kweli, ukianza, maliza. Lakini kuyaoga maji si kubaki ndani yake mpaka yakuchukue. Kuoga kuna kutoka, kuna kujifuta, kuna kula.

Yule mzee bado namwona pale Bandari ya Kale, akitengeneza nyavu. Kila nikipita na begi la kuogelea mgongoni, swali lake ni lile lile. Siku hizi huwa nina jibu: ndizi mbili, mayai, maziwa. Anatingisha kichwa, anaendelea na nyavu zake.