Ncha ya Mkuki Haifichi Kitu

Msafiri Stanley alipofika Karagwe mwaka 1876, Omukama (mfalme) Rumanyika alimwonyesha ghala lake la silaha. Humo, pamoja na mikuki na sanamu za ng'ombe za shaba, mlikuwa na miundu ya chuma. Mikuki haina tena kazi vitani, ila mundu ungali mikononi mwa wakulima wa Karagwe na Kyerwa. Kwa mundu huo naona kwa nini mafunzo ya silaha za jadi za Kichina yana faida hadi leo: chombo kirefu huufundisha mwili jambo ambalo mwili peke yake haujifundishi.

Mtazame anayepunguza majani makavu ya mgomba kwa mundu uliofungwa kwenye mti mrefu. Mkono wa nyuma umeshika kitako cha mti karibu na nyonga, wa mbele umelegea mti upite kama kwenye pete, na nguvu inatoka kiunoni. Akivuta kwa mabega, mundu unayumba na kuchana mkungu. Mwanafunzi wa mkuki wa Kichina anafundishwa yaleyale. Msingi wake ni mambo matatu: kuzungusha ncha kwenda nje, kuizungusha kuja ndani, kisha kuchoma. Mti wa mkuki hunesa, kwa hiyo kosa dogo la kiunoni hukua linapofika nchani; bega likipanda, duara linageuka yai, na aliye pembeni analiona. Ngumi haikusuti hivyo. Unaweza kuirusha vibaya mwaka mzima usijue.

Watasema bunduki ilishamaliza habari ya mkuki. Kweli, na mwalimu anayemwahidi kijana kuwa upanga utamwokoa na majambazi anamhatarishia maisha. Wengine watauliza kama jembe halitoshi. Jembe hujenga nguvu, lakini mtu huzoea kulishika upande mmoja hadi uzeeni. Mazoezi ya fimbo huulazimisha mkono wa kushoto nao kushika zamu. Kwa wazee, mapitio makubwa ya tafiti ya mwaka 2019 yalionyesha kuwa taichi, mazoezi ya polepole ya Kichina, huenda ikapunguza kuanguka kwa takriban asilimia 19. Hiyo ni sifa ya taichi kwa jumla, nami siupi upanga sifa isiyo yake.

Hofu ya wazazi ndiyo nzito: je, hatufugi wagomvi? Nadhani jibu limo katika zoezi lenyewe. Kupiga kunajulikana na kila mtoto. Kinachofundishwa ni kuisimamisha fimbo shubiri moja kabla ya kichwa cha mwenzako, tena na tena, bila hasira. Fimbo si lazima ilete ugomvi: Lamu wanacheza kirumbizi, fimbo kwa fimbo, hadharani na kwa mdundo wa ngoma. Kwetu fimbo ya mchungaji, iliyokatwa ifike usawa wa nyusi za mwenyewe, inatosha kwa mwaka wa kwanza. Chuma kisubiri hadi fimbo isimame pale mwenyewe alipotaka isimame.