Tanga Lenye Picha

Mashindano ya majahazi ni kilele cha Tamasha la Utamaduni la Lamu. Sanaa ya kisasa nayo imeingia kisiwani: tangu 2011, Mjerumani Herbert Menzer amekuwa akiwaalika wachoraji wa Ulaya na Kenya kufanya kazi huko.

Je, tanga la jahazi lenyewe lichorwe? Likiwa la pamba, hunywa rangi vizuri. Lakini rangi nzito ya mafuta hulikakamaza na kuliongezea uzito, na nahodha anayewania ushindi hatakubali. Afadhali akriliki iliyozimuliwa kwa maji.

Wazo hili lingeweza kujaribiwa hata Kongo. Kutoka mji wa Bunia, mashariki mwa nchi hiyo, Ziwa Albert si mbali, na Kasenyi, ufukweni mwake, ina mitumbwi tele, ingawa mingi huendeshwa kwa injini. Wachoraji wapo pia nchini humo. Chéri Samba, aliyefungua karakana yake Kinshasa mwaka 1975, alichora hata kwenye kitambaa cha magunia, maana turubai ilikuwa ghali.