Watumikaji wa angani nao wako na kontra

Wandugu watumikaji, wengi wanafikiri filme za angani ni vita tu. Ziko zingine, za watu wanaoamka, wanakunywa kahawa na kuulizana: primu yetu iko wapi?

Chukua Alien ya Ridley Scott, mwaka 1979. Kila mtu anakumbuka ile nyama ya kutisha. Miye nakumbuka Parker na Brett, mafundi wa mashini. Chombo chao, Nostromo, kinavuta tani milioni 20 za mawe ya madini, watu ni 7 tu, na hawa wawili fungu lao njo dogo. Ishara inaingia toka mahali pasipojulikana. Parker anasema kwenda kule si kazi yake. Mwenzao Ash anamkumbusha maneno ya kontra: mwenye kukataa anapoteza malipo yote. Parker ananyamaza, wanaenda. Kwangu miye, vifo vinaanza pale kwenye karatasi, mbele hata ya nyama kutoka. Nyuma wanagundua kama Ash ni mashini ya kompani, na amri ilikuwa kuleta ile nyama, hata watu wakiisha wote.

Outland ya 1981 ni mine kabisa, kwenye Io, mwezi mumoja wa Jupiter. Watumikaji wanapewa dawa ili watoe kazi nyingi. Kisha miezi, vichwa vinaharibika. Polisi anawaomba msaada, wanamuacha peke yake. Mtu anayehesabu siku za kurudi kwake anaogopa, hiyo naelewa.

Lakini ile ninayopenda ni Moon ya Duncan Jones, 2009. Sam anachimba helium-3 kwenye Mwezi, peke yake, kontra ya miaka 3. Kumbe yeye ni kopi ya mtu. Kontra ikiisha, safari ya kurudi nyumbani ni kuchomwa, na kopi ingine inaamshwa, haijui kitu. Kompani ilipanga ekipe mbili zisikutane hata siku moja. Aksida njo inawakutanisha. Mwanzo wanapigana, kila mtu anasema miye njo Sam wa kweli. Kisha wanakaa, wanalinganisha yale kila mumoja ameona, na siri yote inatoka. Mumoja anafikia kurudi Duniani. Mwishoni tunasikia tu sauti za habari: ameshatoa ushahidi, na bei ya hisa za kompani imeanguka.