Pengo la 1D455

Mwandishi wa hati za ofisini anayetafuta alama ya hisabati isiyokuwapo kwenye kibodi halazimiki kupekua jedwali refu la alama, kwa kuwa katika programu ya Word kwenye Windows inatosha kuchapa msimbo wa alama hiyo, yaani namba yake katika orodha ya kimataifa ya herufi iitwayo Unicode, kisha kubonyeza Alt pamoja na X: 2264 hugeuka ≤, 221A hugeuka √. Misimbo hiyo hufuata mfumo wa namba wenye kizio cha 16, ambao baada ya 9 huendelea kwa A hadi F, na kwa sababu hiyo msimbo uliobanana na herufi kama a huweza kusomwa pamoja nayo. Mwenye hadhari huuteua kwanza.

Njia hiyo ikitumiwa kwa herufi za mlazo, zile zilizoinama ambazo wanahisabati huziandikia vigeu, hujitokeza jambo la ajabu. 1D44E ni 𝑎, 1D44F ni 𝑏, na safu huendelea kwa utiifu hadi 1D454, ambayo ni 𝑔, huku 1D456 ikiwa 𝑖. Lakini 1D455, mahali ambapo kila mwenye kujua alfabeti angeitarajia h, hapana herufi yoyote. Iliyostahili kukaa hapo ilikuwa imekwisha kupewa namba 210E, tena si kwa jina la herufi bali kwa jina la Max Planck, mwanafizikia Mjerumani ambaye mwaka 1900 alihusisha nishati ya mnururisho na marudio yake kwa kiwango kisichobadilika, kinachoandikwa ℎ. Safu za herufi za hisabati zilipoingizwa katika toleo la 3.1 la Unicode la mwaka 2001, kanuni zilikataa umbo moja lipewe misimbo miwili, nazo hazikuruhusu msimbo uliokwisha kutolewa uondolewe. Mapengo ya namna hiyo yako 24 katika safu mbalimbali, ila katika mlazo ni h peke yake iliyokosa nafasi.

Anayeweza kueleza kwa nini usumbufu wote huu wa kuyapa maumbo ya herufi misimbo yake ulistahili kubebwa ni Murray Sargent, mwanafizikia wa leza aliyeandika kitabu cha fani hiyo pamoja na Marlan Scully na Willis Lamb kabla ya kuhamia Microsoft, ambako alishiriki kubuni mfumo wa kuandika milinganyo ulioingia katika Office ya 2007. Hoja ambayo yeye na wenzake, Barbara Beeton na Asmus Freytag, waliitetea ni kwamba katika hisabati umbo la herufi ni maana, wala si pambo, na mfano wao unashawishi kweli: katika ℋ = ∫dτ(εE² + μH²), ℋ ya mwandiko wa mkono ni nishati ya mfumo na H ya kawaida ni uga wa sumaku, hivyo maumbo yakifutwa fomula hubaki kuwa mlinganyo ambao H inatafutwa kwa H yenyewe. Kwa Sargent, mlinganyo unapaswa pia kuchapika kwa mstari mmoja kama maneno ya kawaida; ndiyo sababu katika kisanduku kinachofunguliwa kwa Alt na =, (a+b)/2 ikifuatwa na nafasi hujijenga kuwa sehemu, na mabano, yaliyokuwapo ili kuonyesha tu kiasi kinaishia wapi, hutoweka. Humo h huchapwa kama kawaida na programu huilaza yenyewe.

Hata hivyo, mwalimu anayetunga mtihani nje ya kisanduku hicho, akitaka kuandika kwa msimbo kwamba eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, na kimo akakiita h ya mlazo, hana pengine pa kuipata isipokuwa 210E, na kwa hiyo pembetatu yake hupimwa, kwa jina angalau, kwa kiwango ambacho tangu 2019 thamani yake imewekwa kuwa 6.62607015 × 10⁻³⁴ katika jouli-sekunde. Jicho halioni tofauti. Programu inayomsomea kwa sauti mwanafunzi asiyeona, ambayo hutegemea msimbo na si umbo, itamke herufi au jina la Planck? Na iwapo maana hukaa katika umbo, kama Sargent anavyoshikilia, ni nani aliyepaswa kuamua kwamba kimo na kiwango cha Planck vina umbo moja?