Scheffler: Fimbo moja tu, mambo yakabadilika

KUNA zile timu zinazomiliki mpira dakika zote 90, pasi zinatembea, kona kibao, halafu mechi inaisha 0-0. Mashabiki wanatoka uwanjani wameshika vichwa. Kwenye gofu, mwaka 2023 jamaa wa namna hiyo alikuwa Mmarekani Scottie Scheffler.

Kwa mikwaju ya mbali hakuna aliyemgusa. Takwimu za PGA Tour msimu ule zilimweka kinara wa kuusogeza mpira hadi karibu na shimo. Balaa lilianza pale mbele ya goli. Kwenye kuutumbukiza mpira shimoni, takwimu hizohizo zilimtupa hadi nafasi ya 162. Alibeba taji la The Players Machi 2023, kisha akakaa karibu mwaka mzima bila taji lingine la PGA Tour.

Iko hivi. Mchezaji wa gofu anaruhusiwa kubeba fimbo 14. Akifika kwenye grini, ile sehemu ya nyasi zilizonyolewa kabisa yenye shimo, anachomoa moja tu inayoitwa puta. Uwanja wa mikwaju 72 kwa mashimo 18 unampa mikwaju 36 ya puta, miwili kila shimo. Hiyo ni nusu ya mchezo, na shimo lenyewe lina upana wa milimita 108 tu.

Sasa puta ziko za aina kuu mbili. Ya kwanza ni bledi, yenye kichwa chembamba kama ubapa wa kisu. Mafundi wanaipenda kwa sababu mkono unasikia kila kitu mpira unapoguswa. Tiger Woods alitwaa mataji 14 kati ya 15 makubwa aliyonayo kwa bledi ileile moja. Bledi nyingi zina uzito unaovutia kwenye ncha, hivyo zinamfaa mtu ambaye fimbo yake inakwenda na kurudi kwa kupinda kidogo. Ubaya wake, ukigusa mpira pembeni kidogo ya katikati, kichwa kinageuka na mpira unapotea njia.

Ya pili ni maleti. Hii ina kichwa kikubwa na haina mvuto wowote machoni. Uzito wake umesambazwa nyuma na pembeni, kwa hiyo hata ukikosea kidogo, kichwa hakigeuki sana. Mgongo wake mpana una mistari ya kukusaidia kulenga. Nyingi zinamfaa anayepeleka fimbo nyuma na mbele kwa mstari ulionyooka, ingawa siku hizi zipo hata za wale wanaopinda.

Februari 2024, kwenye mashindano ya Genesis Invitational, Rory McIlroy wa Ireland Kaskazini aliulizwa kuhusu Scheffler. Akasema angependa kumwona akijaribu maleti, maana yeye mwenyewe ilimsaidia alipohama kutoka bledi. Hebu fikiria straika wa Yanga anamshauri straika wa Simba abadili viatu ili afunge zaidi!

Machi, Scheffler akatua Bay Hill, Florida, akiwa na maleti mkononi. Siku ya mwisho alipiga mikwaju 66 na kubeba taji kwa tofauti ya mikwaju mitano. Wiki iliyofuata kwenye The Players alianza siku ya mwisho akiwa nyuma kwa mikwaju mitano, akapiga 64 na kushinda kwa mkwaju mmoja. Akawa mchezaji wa kwanza kulitetea taji hilo tangu lianzishwe mwaka 1974. Aprili akavaa koti la kijani la Masters kwa mara ya pili, Agosti akachukua dhahabu ya Olimpiki jijini Paris.

Lakini tusidanganyane, maleti haikumfanya mchawi. Mwaka 2024 bado kulikuwa na wachezaji wengi waliomzidi kwa puta. Alichofanya ni kutoka mkiani hadi katikati, basi. Timu yenye viungo kama vyake haihitaji straika wa mabao 40, inahitaji mtu asiyekosa nafasi za wazi.

Ndiyo maana wanaojua wanasema usichague puta kwa uzuri wala kwa jina la staa anayeitumia. Chagua kwa kosa lako. Paka chaki kwenye uso wa fimbo, piga mipira kumi kutoka hatua mbili, halafu tazama alama. Zikitawanyika huku na kule, maleti itakusitiri. Zikikaa sehemu moja na shida yako ni kukadiria nguvu kwenye mikwaju mirefu, bledi inaweza kukupa hisia unayoitafuta. Kigumu zaidi ni kukubali kwamba una kosa, hasa ukiwa unatajwa kuwa bora duniani.

McIlroy naye alivuna chake. Aprili 2025 alibeba Masters kwa maleti na kukamilisha mataji yote manne makubwa. Ila ile Jumapili ya Bay Hill mwaka 2024 alikuwemo uwanjani, na alikuwa mmoja wa waliofungwa na ushauri wake mwenyewe.