Siko Seli: Panya Walitibiwa, Watoto Wetu Je?



Wenzetu wa saruji kule Tororo na wa miwa upande wa Busia wametuuliza: ni kweli siko seli sasa ina tiba? Ni kweli, lakini someni mpaka mwisho.

Ugonjwa huu hauletwi na uchawi, wala si kosa la mama. Mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili, ambao wenyewe kwa kawaida ni wazima. Kila mimba yao ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa. Chembe nyekundu za damu yake hupinda kama mundu na kuziba mishipa. Ndiyo yale maumivu ya mifupa yanayomliza usiku kucha. Umeenea huku kwetu kwa ajili ya malaria, kwani aliyerithi kwa mzazi mmoja tu hukingwa na malaria kali.

Mwaka 2001 wataalamu walitangaza walichofanya Marekani kwa panya waliozalishwa na ugonjwa huu. Walitoa uboho, wakapenyeza jeni nzima (yaani maagizo ya urithi) kwa kutumia kirusi kilichoondolewa makali, kisha wakaupandikiza. Kupinda kwa chembe kukapungua sana.

Desemba 2023 Marekani iliruhusu tiba mbili za jeni kwa wagonjwa wa miaka 12 na zaidi. Moja inatumia njia hiyo ya kirusi. Lakini kwanza uboho wa mgonjwa huuawa kwa dawa kali, naye hulazwa wiki nyingi. Bei zilizotangazwa: dola milioni 2.2 kwa moja, milioni 3.1 kwa nyingine. Mfanyakazi akiweka mshahara wake wote hadi kustaafu, haifiki.

Ipo dawa ya kumeza kila siku, haidroksiyurea. Haiponyi, ila inasaidia kweli. Ilijaribiwa kwa watoto wa nchi nne za Afrika, wakiwemo wa Kilifi na wa Mbale, hapo jirani na Tororo. Matokeo yaliyotolewa 2018 yalionyesha maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vimepungua. Hutolewa na daktari, na damu hupimwa mara kwa mara.

Basi katika mkataba ujao tunadai dawa hiyo, kipimo cha damu kwa watoto wachanga, na ruhusa yenye mshahara kwa mzazi anayeuguza. Wenye watoto hawa wamwone mwakilishi wa tawi kabla ya mkutano, na karatasi zao za mshahara, tuhesabu siku zilizokatwa.