Je, Wajua? Besi ya Kuagiza na Mpingo wa Kusini

Je, wajua kwamba nyuzi nne za gitaa la besi, zikishakazwa mpaka kwenye sauti zake, huivuta shingo ya gitaa kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80? Ni kana kwamba umetundika gunia la korosho kwenye ubao wenye unene wa sentimita mbili na kitu, ukaliacha hapo usiku na mchana, masika na kiangazi. Ubao huo hautakiwi kupinda zaidi ya ule mpindo mdogo alioupanga fundi. Ndiyo maana mpiga besi wa Kitangari, Newala, anayeagiza gitaa lililopimwa kwa mkono wake huambiwa asubiri miezi sita, pengine mwaka mzima.

Sauti ya mita nane

Uzi mnene kuliko wote katika besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi la sauti hiyo likiwa hewani lina urefu wa zaidi ya mita nane. Ili uzi utetemeke polepole kiasi hicho bila kulegea, sharti uwe mrefu na mzito. Kwa hiyo sehemu ya uzi inayolia katika besi ya kawaida ina sentimita 86.4, ilhali katika gitaa la solo ni kama 65.

Kazi ya sauti ya chini inafanyika hata pasipo umeme. Katika muziki wa kidumbak wa Zanzibar hufanywa na ala iitwayo sanduku: sanduku la mbao, fimbo na uzi mmoja. Mpigaji huivuta fimbo ili kuukaza au kuulegeza uzi, na sikio lake peke yake ndilo mwamuzi. Kwenye besi ya umeme, uamuzi huo umegawanywa kati ya sikio na vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo. Paul Tutmarc wa Seattle alitengeneza besi ya namna hiyo katika miaka ya 1930, lakini iliyoenea duniani ni ile ya Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, iliyotoka mwaka 1951. Kabla ya miaka 30 kutimia, Tom Malanga wa bendi ya Les Wanyika, jijini Nairobi, alikuwa akiipiga besi kwa namna ambayo watu wa Afrika Mashariki hadi leo huitambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa.

Besi hii haina tumbo la kukuza sauti. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitetemeka juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, kisha amplifaya huukuza. Ukifunga uzi wa nailoni hapo, amplifaya haitapata kitu cha kukuza.

Mkono wa mpigaji ndio kipimo

Besi ya dukani imetengenezwa kwa ajili ya mtu wa wastani. Ya kuagiza huanza na maswali. Vidole vyako vinafika wapi? Unapiga umesimama kwa muda gani kwenye ibada au ngoma ya usiku kucha? Nyuzi nne zinakutosha, au unataka wa tano unaoshuka hadi mitetemo 31 kwa sekunde? Nyuzi zipishane kwa milimita ngapi? Bega lako linabeba kilo ngapi?

Maswali haya yamezaa ala mpya. Mwaka 1975, mpigaji Anthony Jackson alimwagiza fundi Carl Thompson wa New York besi ya nyuzi sita, yenye uzi mmoja chini na mmoja juu ya zile nne zilizozoeleka. Nyuzi za gitaa hilo la kwanza zilibanana kuliko alivyotaka, naye akaendelea kuagiza mengine kwa mafundi wengine, akirekebisha kipimo baada ya kipimo. Leo besi za nyuzi sita zinauzwa madukani kote duniani, na chanzo chake ni mteja mmoja aliyejua anachokikosa.

Miezi hiyo huenda wapi?

Kukata na kuunganisha mbao kungeweza kumalizika katika wiki chache. Muda mwingine wote ni wa mbao zenyewe. Fundi huikata shingo ikiwa bado nene, huiweka kando, kisha huipima tena. Ikiwa imejipinda, huiranda na kuiacha itulie upya. Ndani yake hupitisha fimbo ya chuma inayoweza kukazwa ili ishindane na mvuto wa nyuzi. Rangi na vanishi nazo zina siku zake. Nyingine hutaka wiki kadhaa kabla hazijakauka kabisa.

Halafu kuna hesabu ya vyuma. Kila chuma hupunguza urefu wa uzi uliobaki kwa sehemu moja ya 17.8. Kwenye besi ya sentimita 86.4, chuma cha kwanza hukaa milimita 48.5 kutoka mwanzo wa uzi, na cha 12 hukaa katikati kabisa, kwenye sentimita 43.2. Kadiri unavyokaribia kiwiliwili nafasi zinapungua, hivyo kosa la milimita moja huko husikika wazi kuliko kosa lilelile karibu na kichwa.

Mti unaozama majini

Ubao wa kubonyezea, yaani ule unaobeba vyuma na kusuguliwa na nyuzi kila siku, unahitaji mti mgumu. Mafundi wengi hutumia rozwudi. Mpingo ni ndugu wa rozwudi, wote wakiwa katika jenasi ya Dalbergia, lakini mpingo ni mzito zaidi. Kiini chake kikavu huzidi kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo huzama majini. Ni mti wa taifa letu la Tanzania, na huota katika misitu ya miombo ya Lindi, Mtwara na Ruvuma.

Ugumu wake una gharama. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa, na mara nyingi shina lake limepinda na lina nyufa. Vipande vya klarineti, ambayo nayo hutengenezwa kwa mpingo, ni vifupi, huku ubao wa besi ukihitaji kipande kilichonyooka cha zaidi ya sentimita 60. Kikishapatikana hupakwa nta kwenye ncha zake na kukaushwa polepole, maana mpingo ukiharakishwa hupasuka.

Tunajua kuwa mti huu unaweza kuvunwa bila kumalizwa. Mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi wilayani Kilwa vilipata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu kwa misitu yao ya asili, vya kwanza kwa misitu ya jamii barani Afrika. Kijiji kinachomiliki msitu wake na kulipwa kwa kila gogo kina sababu ya kuulinda ili moto usiingie.

Siku sanduku linapofika

Gitaa likifika Kitangari, liache ndani ya sanduku lake kwa siku moja kabla ya kulifungua, ili lizoee hali ya hewa taratibu. Ubao uliokaushwa katika karakana ya nchi yenye hewa kavu au baridi utanywa unyevu wa mvua za Desemba hadi Aprili na kuvimba. Wakati wa kiangazi utasinyaa, na ncha za vyuma zitajitokeza pembeni. Omba ufunguo wa ile fimbo ya ndani uje pamoja na gitaa, na ujifunze kuutumia.

Sheria nayo inatuonyesha njia. Januari 2017, karibu aina zote za Dalbergia ziliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na magitaa yakaanza kudaiwa vibali mipakani. Tangu tarehe 26 Novemba 2019, mkataba huo umesamehe ala zilizokamilika na sehemu za ala zilizokwisha kutengenezwa, lakini gogo na ubao mtupu bado vinataka kibali. Kwa maneno mengine, kazi iliyomalizika husafiri kwa wepesi kuliko malighafi.

Wachongaji wa Kimakonde wamekuwa wakiusoma mpingo kwa patasi kwa vizazi: wapi utapasuka, wapi kiini kimeoza, wapi utakubali chombo. Maarifa hayo ndiyo magumu kuyapata. Mbao zilizokaushwa kwa subira, rula ya milimita na msumeno mwembamba wa kukatia mifereji ya vyuma ni vitu vinavyonunulika na kufundishika. Mpiga besi wa Kitangari anayepanga kuagiza gitaa baada ya mnada wa korosho anaweza kuwa mteja wa kwanza wa ubao wa mpingo uliotengenezwa nyumbani. Amwandikie fundi wake vipimo vyote, na aongeze sharti moja: ubao wa kubonyezea utatoka kwa seremala wa Newala.